Nani Aliyekuonyesha?

Mwaka 2021 mtafiti kutoka Poland, Maciej Grzelczyk, alichapisha katika jarida la Antiquity makala kuhusu michoro ya kale iliyoko kwenye mwamba mmoja ndani ya Pori la Akiba la Swaga Swaga, mkoani Dodoma. Mwamba huo umeandikwa kwa jina la Amak'hee 4. Kati ya michoro yake, inayovutia zaidi ni ya watu watatu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati. Makala yenyewe ni ya uangalifu na nimeisoma mara nyingi. Ila habari ilipotoka kwenye jarida na kuingia mitandaoni, ilibeba neno moja ambalo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki: imegunduliwa.

Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tuna uhusiano wa utani na neno hilo. Nani aligundua Mlima Kilimanjaro? Jibu la mtihani ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, mwaka 1848. Ukiandika "Wachaga" unakosa alama. Tunacheka, tunakua, halafu tunafika chuo kikuu na kulikuta neno lile lile likitusubiri, safari hii likiwa na ufadhili.

Ninasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu michoro ya miambani katika wilaya za Mbulu na Hanang. Kwa asiyejua upande huo: ni nyanda za juu na mabonde yanayoshikana na Bonde la Ufa, mkoani Manyara. Kusini yake iko Kondoa, ambako michoro iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye mapango na vivuli vya miamba vinavyokadiriwa kati ya 150 na 450. Magharibi kuna Singida, kaskazini kuna bonde la Ziwa Eyasi, na kote huko kuna michoro. Aliyechora hakujua mpaka wa wilaya. Kondoa ina kibao cha barabarani, vitabu na wageni, wakati huku kwetu kuna miamba ambayo haijaandikwa popote, na kwa mwanafunzi wa uzamili mwamba ambao haujaandikwa popote ni kama shamba lisilo na mwenyewe.

Ila lina mwenyewe. Hakuna mwamba hata mmoja niliofika kwa akili yangu. Kila mara kulikuwa na mchungaji, mama aliyekwenda kuni, au mzee aliyekubali kuacha kazi zake asubuhi nzima. Mimi sikugundua, nilionyeshwa. Kiswahili kina adabu katika jambo hili, maana ukishasema "nimeonyeshwa", msikilizaji ana haki ya kukuuliza na nani. "Nimegundua" haiulizwi swali hilo.

Kwa hiyo swali ninalobeba ni hili: je, kuonyeshwa kitu kunanipa haki ya kukionyesha kwa wengine?

Swali lilianza kuniuma kwenye mwamba mmoja ambao nitasema tu kwamba uko mpakani mwa wilaya hizo mbili. Ni jabali lililoinama na kufanya kivuli cha kutosha mbuzi thelathini. Juu, mahali pa kufika kwa mkono ulionyooshwa, kuna wanyama waliochorwa kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu, aina ambayo wanaakiolojia huihusisha na wawindaji na waokota matunda walioishi hapa muda mrefu kabla ya wakulima. Mmoja ni twiga, hilo halina ubishi. Chini yake kuna alama nyeupe, nene, zilizopakwa kwa kidole, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa za watu waliokuja baadaye. Na chini kabisa, kwenye sakafu, kuna shimo. Limechimbwa kwa sururu, kina chake kinanifika kiunoni.

"Wanatafuta mali ya Mjerumani," mzee aliyenileta alisema.

Msomaji wa mjini anaweza kucheka. Lakini imani hiyo imeenea sana katikati ya nchi, na imeleta uharibifu hata Kondoa, kwenye miamba yenye ulinzi. Mwaka 1916 vita vilipita Kondoa, majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yakiwasukuma Wajerumani kusini. Mwaka huo huo, huko Tabora, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Dhahabu ilikuwepo kweli, na watu waliokuwa wakikimbia walikuwepo kweli. Kutoka hapo hadithi inajijenga yenyewe: walizika, wakaweka alama ili warudi. Na alama ni ipi kama si hii michoro ambayo hakuna anayejua maana yake? Mtu mwenye mashine ya kupimia madini akikutana na twiga mwekundu anasoma mshale.

Mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe, fimbo katikati ya magoti. Mjukuu wake, kijana wa miaka kama ishirini, ndiye aliyekuwa anatafsiri pale mzee alipoacha Kiswahili na kurudi Kiiraqw. Nilipotoa kifaa cha GPS aliniuliza ni cha nini. Nilimweleza kwamba kinachukua namba za mahali tulipo, na kwamba namba hizo zitaingia kwenye kitabu changu ili mtafiti mwingine aweza kufika.

"Binti yangu," alisema, "wewe umeletwa na mjukuu wangu, kwa hiyo umeletwa na mimi. Hao watakaosoma kitabu chako wataletwa na nani?"

Nilizima kifaa. Hoja yake naiona nzito kuliko nyingi nilizosoma kwenye kozi ya maadili ya utafiti.

Nisiufanye upande wa pili kuwa wa kijinga, maana si wa kijinga. Msimamizi wangu wa tasnifu aliniambia jambo ambalo sina jibu lake rahisi: mahali pasipoweza kufikiwa na mtafiti mwingine ni hadithi, si ushahidi. Kama nitasema nimeona twiga na sisemi wapi, kwa nini mtu aniamini? Zaidi ya hapo, miamba haidumu milele. Desemba 3, 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa upande wetu anayesema "imara kama mlima" bila kusita. Mwamba unaweza kwenda usiku mmoja, au ukaenda polepole, ukivunjwa kokoto za barabara na mkandarasi ambaye hakuona chochote kwenye ramani. Mary Leakey alipozunguka Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro moja baada ya nyingine, alikuwa anashindana na jua, maji na moshi, na kitabu alichokuja kukichapisha mwaka 1983 kinaitwa Africa's Vanishing Art, yaani sanaa ya Afrika inayotoweka. Nakala zile zimebaki. Bila mkono wake tungekuwa na umaskini mkubwa zaidi, hilo nalikubali bila masharti.

Halafu kuna Basotu. Hii ndiyo hoja iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu iko Hanang yenyewe.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Basotu. Mwishowe mradi ulichukua kiasi cha ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, humzika mzee mwenye heshima kwa mazishi yanayochukua miezi, na juu ya kaburi hujengwa kichuguu kirefu cha udongo kinachoitwa bung'ed. Makaburi hayo yalikuwa kwenye tambarare zile. Matrekta yalipita juu ya baadhi yake, na ngano ikapandwa. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Anayetetea ramani atasema: ona sasa, kama makaburi yale yangepimwa na kuandikwa, dereva wa trekta angekata kona. Kwa muda nami niliamini hivyo, na kifaa cha GPS kikarudi mkononi.

Lakini isome tena habari hiyo. Nani hakujua kwamba pale kuna makaburi? Wabarabaig walijua kila moja, jina la aliyelala, na nani alichinja ng'ombe gani siku ya mwisho ya mazishi. Walisema, walilalamika, wakaenda mpaka mahakamani. Kichuguu cha bung'ed si sindano kwenye majani, kinaonekana kwa macho. Basotu haikukosa taarifa. Kilichokosekana ni uzito wa mdomo uliokuwa unaitoa. Neno la mfugaji halikuhesabiwa kuwa ujuzi mpaka mtu mwingine aliandike kwenye karatasi nyingine, na ilipofika zamu ya karatasi, kijiji kikaambiwa kwamba kuandikishwa kuwa kijiji hakutoshi kukipa ardhi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema ramani inalinda. Ramani hulinda mahali ambapo watu wake tayari wanasikilizwa. Mahali ambapo hawasikilizwi, ramani inamrahisishia safari mtu mwenye trekta au mwenye sururu, kwa sababu sasa hahitaji hata kumsalimia mzee njiani. Zile namba mbili kwenye safu ya jedwali langu zina kazi moja kubwa ambayo hatuitaji: zinaondoa ulazima wa kuomba. Mtu mwenye namba hana shida ya kuonyeshwa.

Tunapenda kusema michoro hii ni urithi. Urithi wa taifa, Urithi wa Dunia. Nimelifikiria neno hilo na naona linatupotosha kidogo. Kwenye mirathi marehemu anajulikana na warithi wanahesabika, na mrithi akishapata fungu lake anaweza kuuza. Hapa marehemu hajulikani. Wairaqw waliifikia nchi hii baada ya mistari myekundu kukauka, na mzee mwenyewe aliniambia bila kuulizwa: "Waliochora si sisi. Baba yangu aliikuta." Ukitafuta walio karibu zaidi na maisha ya wachoraji wale utawataja Wahadzabe, ambao wengine wanaishi bonde la Yaeda, humo humo wilayani Mbulu, wakiwa watu elfu moja na kitu, au Wasandawe, kule Dodoma. Je, twende tukagawe miamba kwa damu? Sidhani. Damu ya miaka elfu nyingi haifuatiliki, na swali la nani hasa ni mwenyeji wa wapi limeshawaumiza watu wa kutosha katika Afrika Mashariki.

Neno ninaloliona linafaa ni amana. Mtu anakuachia kitu, anaondoka, hujui atarudi lini. Si chako. Huruhusiwi kukiuza, wala huruhusiwi kukiacha kiharibike kwa kisingizio kwamba si chako. Amana haiulizi ukoo, inauliza nani yuko karibu na analinda. Kwa kipimo hicho mzee yule, asiye na tone la damu ya mchoraji, ana haki kubwa kuliko mimi mwenye barua tatu za utafiti. Ndiye aliyeliziba shimo la kwanza kwa mawe. Hili nililoliona mimi lilikuwa la pili.

Sheria yetu haina nafasi ya wazo hilo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mchoro wa mwambani uliochorwa kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo ni mstari: kabla yake wewe ni wa kale, baada yake hapana. Sasa mtazame Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe miongo kadhaa iliyopita na kuandika mwaka 1971 kwamba kuchora miambani kulikuwa bado ni sehemu ya maisha yao. Mchoro wa Msandawe wa mwaka 1950 haumo ndani ya mstari ule. Mkono uliokufa unalindwa, mkono ulio hai unavizia nje. Vivyo hivyo pale Mungumi wa Kolo, mwamba maarufu kuliko yote ya Kondoa, ambako watu bado huenda kuomba mvua na uponyaji. Kwa mhifadhi, pombe ya tambiko inayorushwa ukutani ni uchafuzi. Kwa anayeomba mvua, ukuta usiorushiwa kitu umeshakufa. Emmanuel Bwasiri alilichambua suala hilo katika tasnifu yake ya uzamili Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 2008, na namheshimu kwa kutolichukulia jepesi, maana ni rahisi sana kwa mtu wa fani yetu kumwona mwombaji kama tatizo la uhifadhi.

Kuna nchi iliyojaribu njia nyingine. Kolombia ina hifadhi ya Chiribiquete, ndani ya msitu wa mvua wa Amazoni, yenye michoro zaidi ya 75,000 kwenye kuta za miamba. Iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2018, kwa hiyo dunia inajua ipo. Lakini huwezi kwenda. Watalii hawaruhusiwi kutembea humo. Wanaobahatika huitazama kutoka angani. Sababu mojawapo ni kwamba inaaminika ndani ya msitu ule wamo watu waliochagua kutokutana na sisi wengine. Napenda jinsi walivyotenganisha mambo mawili ambayo sisi huyafunga pamoja, kujua kwamba kitu kipo na kujua namna ya kukifikia. Wafaransa walifika hapo kwa kuchelewa: pango la Lascaux lilifunguliwa kwa watalii mwaka 1948, na mwaka 1963 likafungwa kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaliharibu.

Manyara si Amazoni. Kwenye mwamba wangu hakuna msitu wa kuwazuia watu, kuna njia ya mbuzi. Kwa hiyo nimelazimika kuamua kwa vipande. Sheria inataka atakayekuta kitu cha kale atoe taarifa, na nitatoa: namba zitakwenda Idara ya Mambo ya Kale. Nilirudi kumweleza mzee jambo hilo uso kwa uso, nikitegemea atakasirika. Hakukasirika. "Serikali ikikosea najua pa kuifuata," alisema. "Mtu wa kitabu nitamfuata wapi?" Kwenye tasnifu nitaandika wilaya, aina ya mwamba, vipimo vya kila mchoro, rangi, na hali ya uharibifu. Picha nitakazoweka hazitaonyesha kilima cha nyuma, na taarifa za mahali ambazo simu hubandika kimyakimya ndani ya kila picha nitazifuta. Mtafiti anayetaka kuhakiki ataandikiwa: nenda ofisi ya kijiji, salimia, eleza shida yako. Msimamizi wangu anaona hiyo si njia ya kisayansi. Mimi naona ndiyo njia niliyopita mimi mwenyewe kuupata huo ushahidi, na sijui kwa nini ilinifaa mimi halafu isimfae mwingine.

Kinachobaki kigumu ni yule mjukuu.

Amemaliza kidato cha nne, hana ajira, ana pikipiki ya mkopo. Siku tuliyoshuka kutoka mwambani aliniambia waziwazi: "Dada, wazee wanaficha, sisi tunakosa hela. Kondoa wana wageni. Hapa tungeweka kibao tu." Hakuwa na dharau kwa babu yake. Alikuwa anafanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi kuliko mhadhara wangu wa amana, ambao haumlipii hata mafuta ya siku moja. Nikisema kijiji ndicho chenye neno, lazima nikubali kwamba kijiji si mzee mmoja juu ya jiwe. Kina vijana, kina wanawake wanaopita pale na kuni na ambao hakuna aliyewauliza, mimi nikiwemo katika mipango yangu ya mwezi ujao tu. Pengine wakikaa wote wataamua kibao kiwekwe. Sitapenda, na haitakuwa kazi yangu kupenda.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa WhatsApp. Picha: yeye na wenzake watatu wakiwa wamesimama chini ya twiga, wamevaa vizuri, mmoja ameinua vidole viwili. Akaniuliza kama ninamfahamu mtu wa kampuni ya utalii Arusha. Nilimuuliza kama ameshazungumza na babu.

"Babu atakataa," aliandika. "Ila ukimwambia wewe atakubali, wewe ni msomi."

Nimemwambia amuulize mwenyewe, mbele ya wengine, kwenye mkutano wa kijiji. Alama mbili za bluu zimeonekana. Bado hajajibu.